Kuwatafuta Besi Weupe Wakati wa Baridi: Shajara ya Ziwa Lewisville, Novemba 2023 hadi Machi 2024

4 Novemba 2023: Kabla ya kuingia majini

Majira ya baridi yaliyopita nilikwenda Ziwa Lewisville mara tisa nikarudi na besi weupe wanne kwa jumla, ilhali majira ya joto ziwa hilohilo lilikuwa limenipa samaki kumi kwa asubuhi moja bila kujisumbua sana. Kwa mtu aliyezaliwa Kigoma na kukulia ufukweni mwa Tanganyika, hiyo ni aibu ya kutosha. Msimu huu nimeamua kuifanya kazi kwa utaratibu, na kuandika nilichojaribu, kilichoshindikana na fedha iliyotoka, ili mwenzangu anayeishi huku Texas asianzie pale nilipoanzia mimi.

Ziwa lenyewe liko kaskazini mwa Dallas. Ni bwawa lililotengenezwa kwa kuzuia tawi la Elm Fork la Mto Trinity. Lina ukubwa wa karibu hekta 12,000, na penye kina kirefu kabisa hufika mita 20 hivi. Besi mweupe, ambaye wenyeji wengi humwita besi wa mchanga, ni samaki wa maji baridi kwa maana zote mbili: si wa baharini, na haachi kula hata barafu inapoganda kwenye majani ya ufukweni. Ana rangi ya fedha na milia myembamba iliyofifia ubavuni, huenda kwa makundi, na chakula chake kikubwa ni shadi, visamaki wa ukoo mmoja na dagaa wetu wa Tanganyika. Aliyewahi kuona migebuka wakiwafukuza dagaa kuzunguka mwanga wa karabai ameshaielewa nusu ya tabia yake. Sheria ya jimbo inaruhusu samaki 25 kwa mtu mmoja kwa siku, na kila mmoja awe na urefu usiopungua inchi 10, yaani sentimita 25 na ushei.

Gharama za kuanzia ni hizi: kayaki (mtumbwi mwembamba wa kasia) ya mkono wa pili dola 350, jaketi la uokoaji 60, sonari ndogo ya kutafutia samaki 180, betri yake 30, fimbo na rili, yaani gurudumu la kukunjia uzi, 75, leseni ya maji baridi kwa mkazi wa jimbo 30, uzi wa nailoni 8, na mabapa sita ya risasi dola 21. Jumla ni dola 754. Bapa ninalolisema hapa ni kipande cha risasi kilichochongwa kama kisamaki chembamba, chenye uzito wa gramu 21, na chini yake huning'inia ndoana ya makucha matatu. Nilifikiria kufunga mota ndogo ya umeme, lakini hapa kayaki yenye mota ya aina yoyote lazima isajiliwe kama boti, na ya kasia haihitaji. Nimebaki na kasia.

11 Novemba: Sufuri

Joto la maji lilikuwa nyuzi 18. Nilizunguka sehemu zangu zote za majira ya joto, rasi mbili za mchanga na ukingo mmoja wa mawe, nikirusha na kuvuta kwa saa tano. Hakuna aliyegusa.

Kosa halikuwa la chambo. Wakati wa joto ziwa kama hili hugawanyika tabaka mbili: maji ya moto na mepesi juu, maji ya baridi na mazito chini, na hayo ya chini huishiwa na oksijeni kwa sababu kila kinachooza huko huitumia na hewa mpya haifiki. Samaki hubanwa katika tabaka la juu, na mvuvi hufikiri ni hodari, kumbe ziwa limemfungia nusu ya milango. Vuli inapofika, maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama na kuchanganyika na ya chini mpaka oksijeni inafika kila mahali. Kuanzia hapo samaki anaweza kukaa popote, tangu ukingoni hadi sakafuni mwa mkondo wa zamani wa mto, na shadi huanza kuteremka kwenye kina kirefu ambako joto la maji halibadilikibadiliki. Mimi nilikuwa nimekwenda kubisha kwenye nyumba iliyohamwa.

Kanuni niliyojiwekea baada ya siku hiyo ni moja: sirushi chambo mpaka nione samaki kwenye skrini, au nione ndege wanaofanya kazi. Saa tano za kutafuta na nusu saa ya kuvua ni afadhali kuliko kinyume chake.

25 Novemba: Sonari iliyosema uongo

Safari hii ilikwenda yote kwenye kujifunza mashine, na matokeo yake ni sufuri ya pili pamoja na mabapa mawili yaliyonasa kwenye visiki na kupotea. Naandika kwa urefu kwa sababu hapa ndipo wengi hukata tamaa na kuilaumu sonari.

Kwanza, kitoa-sauti, kile kifaa cha sonari kinachotuma sauti majini na kupokea mwangwi wake, nilikuwa nimekifunga ubavuni mwa kayaki kwa mshazari, kikawa kinatazama pembeni badala ya kutazama chini, kwa hiyo kina nilichosomewa kilizidi kina halisi. Niligundua nilipoteremsha bapa hadi sakafuni na kuupima uzi: skrini ilisema mita 9, uzi ulisema 8. Nimekifunga upya kwa kipande cha bomba la plastiki na timazi ya fundi mwashi, na sasa vipimo vinakubaliana.

Pili, nilikuwa nategemea kuona samaki wakiwa na umbo la upinde, kama picha za kwenye kijitabu cha maelekezo. Upinde huonekana pale chombo kinapompita samaki, au samaki anapopita chini ya chombo. Kayaki ikitulia na samaki akitulia, unachokiona ni mstari mrefu mlalo, nami nilikuwa nimeiona mistari hiyo asubuhi nzima nikidhani ni kasoro ya mashine. Shadi, kwa upande wao, huonekana kama wingu, na wingu lililochanika katikati au lililobanwa likawa dogo na zito ni dalili nzuri, maana kuna anayewasumbua.

Tatu, niliuamini mwale wa sauti wa sonari kana kwamba unaonyesha ziwa zima. Wangu una pembe ya nyuzi 20, na kwenye kina cha mita 10 hufunika duara lenye upana wa mita tatu na nusu tu. Ukikosea kwa urefu wa kayaki moja, uko juu ya maji matupu.

2 Desemba: Samaki watano, mabapa manne

Maji nyuzi 14. Leo sikwenda peke yangu. Nilimchukua mzee mmoja wa Uvira ambaye tunasali naye, mtu aliyevua migebuka kwa mshipi wa mkono tangu utotoni, naye akaazima kayaki kwa jirani. Nilikuwa nimepanga tuanzie kwenye mkondo wa mto. Mzee aliitazama ramani ya kina kwenye simu yangu akauliza kale kamstari kanyoofu ni kitu gani, kwani mto haupiti namna hiyo.

Kumbe lile ni tuta la bwawa la zamani. Kabla ya ziwa la sasa kulikuwa na dogo lililoitwa Lake Dallas, lililozuiwa na ukuta wa Garza. Ukuta mpya wa Lewisville ulipojengwa katika miaka ya 1950, ule wa Garza ulitobolewa mwaka 1957 na maji yakaungana. Tuta limebaki chini ya maji likiwa na miteremko mikali pande zote mbili.

“Mwana wangu, samaki anapenda ukuta kama mbuzi,” alisema mzee. “Dagaa wakifika ukutani, watakimbilia wapi?”

Tulipiga kasia kwa dakika 25. Kwenye mteremko, kati ya mita 8 na 10, skrini ilionyesha wingu la shadi na chini yake mistari minne mitano iliyolala karibu kabisa na sakafu, kiasi kwamba ilishikana na mchoro wa ardhi na ningeweza kuipita. Bapa la kwanza lilipata samaki. La pili lilipata kisiki. Mpaka saa sita nilikuwa na besi watano na sina bapa hata moja. Mzee alipata tisa. Alikuwa ameweka fimbo pembeni, ameushika uzi kwa vidole viwili na kuuinua kwa shibiri moja tu, kisha kuuacha ushuke polepole huku kidole kikiwa bado kinausikiliza. Mimi nilikuwa nainua fimbo kwa nguvu hadi juu ya kichwa, kama nilivyozoea wakati wa joto.

9 Desemba: Matengenezo matatu

Hii ndiyo sehemu ambayo ningemshauri anayenakili kazi hii aisome mara mbili.

La kwanza ni ndoana. Makucha matatu yanayoning'inia chini ya bapa ndiyo yanayogusa sakafu kwanza, na sakafu ya ziwa lililofunika msitu ni visiki vitupu. Nimeyaondoa. Mahali pake nimefunga ndoana moja ndogo kwa kikamba kifupi kwenye tundu la juu, upande unaofungwa uzi, ili ilale ubavuni mwa bapa na risasi tupu ndiyo itangulie kugusa chini. Nilihofia kwamba nitakosa samaki wengi, lakini sikuona tofauti hiyo. Kati ya mabapa kumi niliyonunua (dola 35, pamoja na dola 9 za ndoana na kikamba), leo nimepoteza moja tu.

La pili ni uzi. Nailoni hunyumbuka. Ukiwa na mita 10 za nailoni chini yako na samaki anayekula kwa uvivu wa baridi, unachosikia mkononi ni kidogo mno, na mara nyingi husikii kitu. Nimebadilisha na kuweka uzi wa kusuka, dola 18, na mwishoni mwake nimeunganisha mita moja na nusu ya nailoni ili samaki asiuone ule wa kusuka.

La tatu ni mkono wenyewe, na hilo halinunuliwi. Baridi huupunguza mwili wa samaki mwendo: anasaga chakula polepole, anahitaji kidogo, na hatapanda mita tatu kufukuza kitu anachoweza kungoja kipite mdomoni. Kwa hiyo bapa huachwa ligonge sakafu, huinuliwa sentimita 20 hadi 30, hushushwa uzi ukiwa umenyooka nusu, kisha hutulizwa kwa muda wa kuhesabu hadi tano. Karibu kila samaki leo alikula wakati wa kushuka. Sikusikia akivuta; nilichosikia ni uzito kutoweka, uzi ukalegea kabla ya wakati wake, kana kwamba sakafu imepanda. Hapo ndipo pa kukaza. Ukingoja mshtuko kama wa sangara, utangoja mpaka Pasaka.

Kuna jambo moja la kuona kwa macho ambalo limenifurahisha kama mtoto. Bapa likishuka chini ya kayaki iliyotulia, skrini hulichora kama mstari unaoteremka kwa mshazari. Leo, likiwa limebakiza mita moja kufika chini, mstari mwingine ulijitenga na sakafu ukapanda kulilaki, ile mistari miwili ikakutana, na mkononi mwangu uzi ukalegea. Besi 14, maji nyuzi 13.

16 Desemba: Upepo

Niliondoka gatini saa moja asubuhi ziwa likiwa shwari. Utabiri ulisema upepo wa kaskazini utafika alasiri. Ulifika saa nne. Ziwa hili limenyooka vibaya kwa upepo wa namna hiyo, na katika robo saa mawimbi yalikuwa yanaruka juu ya pua ya kayaki. Nilijaribu kurudi gatini, nikawa napiga kasia mahali pamoja. Mwisho niliacha kushindana nao, nikageuza kayaki mgongo kwa upepo nikaiacha inipeleke ufukwe wa kusini, nikatua kwenye matete kilomita tatu hivi kutoka lilipo gari langu, nimelowa hadi kiunoni katika maji ya nyuzi 12. Nilitembea kulifuata gari kwa muda wa karibu saa moja huku meno yakigongana.

Samaki walikuwa wawili. Gharama ni suruali ya mpira ya kuzuia baridi ya maji, dola 130, ambayo nilipaswa kuinunua kabla ya sonari. Jaketi la uokoaji nilikuwa nimelivaa tangu mwanzo, na katika maji ya namna ile lililokunjwa nyuma ya kiti halina maana yoyote, kwa kuwa mikono huacha kutii ndani ya dakika chache. Sasa naangalia utabiri wa kila saa, na nikiona upepo utageuka na kuvuma kutoka kaskazini wakati wowote kabla ya jioni, sitoki.

23 na 30 Desemba

Sikutoka.

6 Januari 2024: Nanga, betri na chotara

Maji nyuzi 10. Tatizo lililobaki lilikuwa kukaa juu ya samaki. Kayaki nyepesi husukumwa hata na upepo wa kupuliza mshumaa, na kama nilivyosema, duara la sonari ni la mita tatu na nusu. Nilinunua nanga ndogo ya makucha yanayokunjwa, kamba ya mita 30, roda mbili na kiboya, vyote dola 42. Nanga ikifungwa ubavuni huweza kuipindua kayaki. Kamba yake lazima ipite kwenye roda ili uweze kuisogeza hadi puani au nyuma kabisa. Kiboya ni cha dharura: nanga ikinasa au wimbi likija, naiachia kamba yote ielee na kuifuata baadaye. Nimefanya zoezi hilo mara tatu kwenye maji ya magoti kabla ya kuliamini.

Betri ilizimika saa tatu asubuhi. Ilikuwa imejazwa usiku kucha, lakini betri ya risasi na asidi hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake kwenye baridi, na yangu ilikuwa imelala garini. Tangu sasa inalala ndani ya nyumba, na majini inakaa ndani ya kijisanduku cha chakula pamoja na chupa ya maji ya moto. Haikugharimu kitu.

Nanga ilileta besi 17, na kosa moja ambalo lingeweza kunitia matatani. Samaki wa kumi na mbili alikuwa mkubwa, sentimita 38, nami nilikwisha kumweka kwenye barafu nilipoona milia yake ni myeusi, imekatikakatika, na zaidi ya mmoja umefika mkiani. Nilimfungua mdomo na kupitisha kidole juu ya ulimi. Besi mweupe ana kiraka kimoja cha meno madogo nyuma ya ulimi. Huyu alikuwa na viwili vilivyopakana. Alikuwa chotara wa besi mweupe na besi mwenye milia, ambaye serikali humpanda katika maziwa ya huku, naye haruhusiwi kuchukuliwa chini ya inchi 18, yaani sentimita 46 hivi. Nilimrudisha majini. Tangu siku hiyo kila samaki anayezidi sentimita 33 anapapaswa ulimi kabla ya kuona barafu.

20 Januari: Shakwe wa uongo

Katikati ya mwezi baridi kali kutoka kaskazini ilikaa Texas siku kadhaa, mabomba yakaganda, nasi tukajifungia ndani. Leo maji yalikuwa nyuzi 6. Nilipofika gatini moyo ulinidunda, kwani shakwe walikuwa mamia, wakishuka na kupanda kila upande wa ziwa. Kanuni yangu ya Novemba ilisema fuata ndege. Niliwafuata kutoka kundi hadi kundi kwa saa tatu na nusu bila kuona samaki hata mmoja kwenye skrini.

Nilipochoka na kutulia ndipo nilipoona kinachotokea. Shadi wadogo hawavumilii maji yakishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Hulegea, huzungukazunguka juu ya maji, na hufa. Ubavuni mwa kayaki walielea kumi, kumi na tano, weupe na wakavu kama maganda ya vitunguu, na shakwe walikuwa wakiwaokota mmojammoja kama kuku kwenye mtama. Hakuna aliyekuwa anawasukuma kutoka chini. Shakwe wanaofanya kazi kweli huwa kundi, hupiga kelele, hujitupa majini mahali pamoja palepale na kusogea kwa pamoja. Hawa walikuwa wametawanyika, kila mmoja na njia yake, kimya.

Walioniokoa ni minandi. Mnandi ni ndege anayezama kufuata samaki, hahitaji shadi mfu wa juu, na hapotezi nguvu zake kuzama mahali pasipo kitu. Kwenye mteremko wa mkondo wa mto niliona wanane wakizama na kuibuka eneo moja, na chini yao, kwenye mita 12, kulikuwa na wingu zito. Nilikuwa nimebakiwa na dakika 40 kabla ya ahadi ya nyumbani, na mikono haikusikia vizuri. Uzi wa kusuka hunywa maji, na maji hayo yaliganda kwenye vipete vya fimbo hadi uzi ukakataa kupita; dawa ni kuzamisha ncha ya fimbo ziwani kila baada ya dakika chache, kwa kuwa ziwa, hata lilivyo, lina joto kuliko hewa. Besi watatu, wote matumbo yamefura kwa shadi.

27 Januari: Kumi na tisa, kisha kuacha

Maji nyuzi 8. Nilikwenda moja kwa moja walipokuwa minandi, nikaweka nanga juu ya mteremko, na kwa muda wa saa moja na nusu nilipata besi 19 bila kuhama. Ni siku bora ya mradi huu, na haina mengi ya kusimulia.

Lenye kusimuliwa ni kwa nini niliacha kabla ya kufika 25. Samaki anayepandishwa upesi kutoka mita 12 hufura kibofu cha hewa, na wawili wadogo niliojaribu kuwarudisha hawakuweza kuzama. Walilala ubavu juu ya maji mpaka shakwe wakawaona. Wale walikuwa chini ya inchi 10, hivyo sheria haikuniruhusu kuwachukua, na ziwa nalo halikuwapata. Kwenye kina cha namna hiyo hakuna kuvua kwa kujifurahisha na kuachia. Sasa nikiona samaki wa kwanza wawili watatu ni wadogo nahama, na chakula kikitosha nakunja uzi. Waliohesabiwa katika shajara hii ni wale niliowachukua tu.

Jikoni: watobolewe mishipa ya shingo na kuingia barafuni wakiwa bado wanapumua, na wakati wa kuwapasua uondolewe ule ukanda mwekundu wa nyama unaopita ubavuni chini ya ngozi, kwa sababu ndio wenye harufu kali wanayoilalamikia watu. Baada ya hapo nyama ni nyeupe na tamu kwa kukaanga. Mzee wa Uvira haondoi ukanda huo, na anasema Wamarekani wanatupa ladha.

17 Februari: Wanapungua

Maji nyuzi 12, na besi sita tu, wote kwenye mita 6 hadi 7, yaani nusu ya kina cha Januari. Kwenye tuta la zamani kulikuwa na shadi wengi bila anayewafukuza. Watano kati ya sita walikuwa madume, na mbegu zao zilitoka kwa kubonyeza tumbo kidogo. Madume hutangulia kupanda mto majike yakiwa bado ziwani.

Mke wangu aliomba hesabu, nikampa. Vifaa vyote mpaka leo ni dola 988. Petroli na maegesho, dola 12 kwa kila safari kwa safari tisa, ni 108. Jumla dola 1,096 kwa samaki 66, karibu dola 16 na senti 60 kila mmoja. Aliniuliza kama najua bei ya samaki pale sokoni.

9 Machi: Tuta limehamwa

Februari iliisha kwa joto la ajabu, na leo maji yalikuwa nyuzi 17. Asubuhi nilipita juu ya tuta mara nne, kutoka mwisho hadi mwisho, kisha kwenye mteremko wa minandi. Hapakuwa na mstari hata mmoja sakafuni. Minandi wenyewe walibaki wachache, wamekaa juu ya nguzo wakikausha mabawa.

Nilitoa kayaki majini na kuimwaga maji yote kabla ya kuondoka gatini, kama sheria inavyotaka tangu kome wenye milia, wanaosafiri na maji yanayobaki chomboni, walipoenea katika maziwa haya, nikaendesha gari hadi Elm Fork, sehemu ya mto iliyo chini ya bwawa la Ray Roberts kabla haujaingia Lewisville. Sikuhitaji sonari wala bapa. Kwa chambo kidogo cheupe cha gramu 3, nikiwa nimesimama ufukweni na viatu vikavu, nilipata wanne kwenye mkondo wenye kina cha kiuno. Watatu walikuwa madume. Wa nne alikuwa jike mpana wa sentimita 39, ulimi wenye kiraka kimoja, tumbo limejaa mayai, na kwa kuwa hakutoka kwenye kina, nilipomwachia alisimama kidogo kati ya mikono yangu, akapiga mkia mara moja, akapanda na mto.